Hii Imepikwa na Nani?

Mwaitu,

Salamu, mama yangu, kutoka huku ughaibuni kwenye baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri. Dada Mwende atakusomea polepole.

Mwende ameniambia ulipanga foleni ya chanjo ya korona Matiliku, ukamuuliza nesi, "Hii imepikwa na nani?" Aliposema hajui, ukarudi nyumbani Kilungu bila kudungwa, ukisema, "Cha mtu nisiyemjua hakiingii mwilini mwangu!"

Kazi yangu ya gazeti ni kuuliza, basi nikauliza. Nilimpata Bi Helga, mwanasayansi mstaafu anayeishi peke yake. Alifurahi kupata mgeni. Kila nikitaka kuondoka, alinimiminia chai tena.

"Mpishi ni nani?"

Akacheka. "Mimi nilishughulika na mafuta tu."

Chanjo hii, alisema, ni ujumbe wa kuufundisha mwili kumtambua adui. Ujumbe wenyewe huharibika upesi, kwa hivyo hufunikwa kwa mafuta. Wengine walitafuta namna ya kuuandika, wengine namna ya kuufanya mwili usiukatae. Yeye alimaliza ujana wake kwenye mafuta. Wengi hawakuwahi kuonana. Baadhi walikufa wakiambiwa wanapoteza wakati.

Nikakumbuka mwethya, mlivyokusanyika akina mama kuchimba matuta kilimani kwetu. Lakini najua utasema hao uliwajua, mlikula pamoja. Ni kweli. Sina jina moja la kukuletea.

Ila wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba anayekaribisha mgeni huonja kwanza, mgeni akiona. Nikamuuliza Bi Helga kama ameonja. Akapandisha mkono wa sweta. "Nilidungwa hapa. Na hata leo ningekubali kuongezwa."

Wiki iliyopita nami nilidungwa. Nilipata homa kidogo, ikaisha. Kabla ya sindano nesi aliuliza ampigie nani nikianguka. Nilitafuta kichwani mtu wa mji huu, nikamkosa. Nikataja jina lako na namba ya Mwende.

"Kenya?" akashangaa. "Huyo atakusaidiaje?"

"Sijui. Ndiye niliye naye."

Msalimie Mwende na mume wake fundi, na mama mchungaji aliyekuletea uji ulipougua.

Baba alipokufa kwa korona, nilitazama mazishi kwenye simu. Sitaki kutazama tena. Nimeonja, Mwaitu. Rudi Matiliku.

Mwanao,
Mutua