Kiingereza cha Vipande Vipande

Shikamoo Mwalimu,

Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ni wewe uliyenichapa darasa la tatu kwa kupita mbele yako bila salamu, kwa hiyo sithubutu kuanza vingine. Ni mimi, Yustina, niliyekuwa nakubebea mkoba kila wageni wa Kiingereza walipokuja kijijini. Mkoba bado ninao, na kalamu yako imo. Miwani aliichukua mwanao wa Sumbawanga. Redio imekufa, na sitakudanganya kwamba nilijaribu kuitengeneza.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kuja. Hii ni wiki ya tatu tangu ule mninga ulio kichwani pa kaburi lako upakwe rangi nyekundu, mstari mnene unaozunguka shina. Miti yote kuanzia kijitoni hadi barabara ya Inyonga imepakwa hivyo hivyo, na kuvuka mstari ni mpaka uwe na kibali. Ulitaka uzikwe karibu na mizinga yako ya nyuki, tukakuzika karibu na mizinga yako. Sasa wewe uko ndani na sisi tuko nje. Mkono wangu umo katika jambo hili, Mwalimu. Ngoja nikueleze, halafu kama kuna namna ya kunichapa kutoka huko, nichape.

Ulinifundisha ukalimani kabla sijajua kwamba ni kazi. Ulikuwa unaniketisha pembeni na kuniambia niwatazame wageni wanapoongea wao kwa wao, kisha wanapotugeukia sisi. Kweli walikuwa wanabadilika. Sauti inapanda, kana kwamba tuna ugonjwa wa masikio. Mikono inaanza kucheza. Maneno yanakatwa, moja leo, jingine kesho. Mimi nilikuwa nacheka, wewe hukucheka. Ulisema wengi wanafanya hivyo kwa wema, na wema si wa kuuchukia. Ulichokuwa unakiogopa ni vile vinavyodondoka njiani wakati mtu anapunguza maneno. "Wanadondosha kwanza yale masharti," ulikuwa unasema, "na shamba la mtu huwa limo humo humo kwenye masharti."

Ndiyo maana ulikuwa na ule utaratibu wako. Kabla ya mkutano kuanza unaweka kalamu mezani, unamtazama mgeni, unamwambia aongee na wewe kama anavyoongea na ndugu yake, mzigo utaubeba mwenyewe. Halafu unamweleza habari ya kuitikia. Kwamba wazee wetu, mgeni akiongea, wanaitikia kila anapovuta pumzi, eeh, eeh, ndiyo baba, na hapo hawajakubali chochote. Wanamwonyesha kwamba hatupi maneno yake porini. Jibu lenyewe litatoka kesho, wakishalala nalo. Mpaka mgeni aseme ameelewa ndipo unaishika kalamu. Namkumbuka yule mnunuzi wa asali aliyekataa, akasema hana muda wa shule. Ulifunga mkoba ukapanda baiskeli, na gari lake likakufuata taratibu nyuma hadi nyumbani kwako, likipiga honi ya kuomba msamaha. Mama yangu hadi leo akilikumbuka gari lile anashika mbavu.

Mimi sikuweka kalamu mezani.

Walikuja wawili baada ya kukuzika wewe, watu wa mradi wa kutunza msitu. Mkubwa wao alikuwa mzee mpole mwenye kofia pana. Waliegesha gari kwenye ofisi ya kijiji, nikawapelekea chai. Walikuwa wanaongea wenyewe, haraka, kile Kiingereza chao chenyewe kisichokatwa. Nilimsikia mzee anasema mizinga haiwezi kubaki, ndani ya mwaka mmoja iwe imetoka yote, na nyuki wa kufugwa humo ndani hawatakiwi. Mwenzake akauliza kama wanakijiji wameshaambiwa. Mzee akajibu kwamba waende hatua kwa hatua.

Niliyasikia kwa masikio haya uliyoyafundisha wewe.

Halafu akanigeukia, akaniona na birika. Akaniuliza jina, polepole, kwa sauti ya kuvuka mto. Nikamjibu kwa sentensi ndefu tu, ya kwako, ile ya kukaribisha wageni. Akafurahi akapiga makofi. Akasema Kiingereza changu kizuri sana, sana, sana, kama unavyomwambia mtoto aliyemaliza uji. Na mimi, Mwalimu, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nilifurahi. Nikaanza kumjibu kama alivyoongea na mimi, vipande vipande. Kila nilipopunguza, alizidi kutabasamu. Tulipofika mkutanoni nilikuwa nimeshakuwa mtu mdogo, na mtu mdogo hamsimamishi mgeni.

Akasimama mbele ya wazee. Msitu mzuri. Sisi kusaidia ninyi. Nyuki wazuri. Nyuki hakuna tatizo. Mimi nikatafsiri hivyo hivyo kilichotoka mdomoni mwake. Nilijiambia labda kule kwenye chai nilisikia vibaya. Sikusikia vibaya. Na kila alipovuta pumzi wazee waliitikia, eeh, ndiyo baba, eeh, ukumbi mzima kwa adabu yote tuliyolelewa nayo. Mzee wa kofia alikuwa anamgeukia mwenzake anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mwenzake anaandika. Nilijua anachoandika. Karatasi ilipoletwa mezani ilikuwa imeshajazwa kwamba tumekubali, mwenyekiti akasaini, wazee wakaweka dole gumba, kwa sababu mkalimani alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu na hakuna aliyefikiri kulala nalo.

Rangi ilikuja siku chache baadaye. Hakuna aliyeelewa, na mimi niliyeelewa nilikaa ndani nafua nguo zilizokuwa safi.

Bibi Kalunde unamjua, jirani yako, ile mizinga ya magome aliyoachiwa na mumewe, inayopakana na ya kwako, ndiyo kila kitu chake. Alikwenda kuitazama akarudishwa na walinzi. Alikuja kwangu moja kwa moja, akaniuliza kuna nini. Sikiliza nilivyomjibu, maana hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Nilipandisha sauti. Nikaonyesha kwa mikono. Nikamwambia, "Bibi. Msitu, hapana. Mzinga, baadaye. Wewe kaa. Usiogope." Mimi na yeye! Bibi aliyenifundisha kusonga ugali!

Aliitazama mikono yangu hadi nikaishusha. Kisha akasema, "Yustina, nimezeeka tu, sijawa mjinga. Hebu niambie kama unavyowaambiaga wenzio."

Sikumwambia. Nilimwambia nina safari ya Mpanda nikamfungia mlango. Nilipomchungulia dirishani alikuwa bado amesimama uani, anautazama mlango.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mzee wa kofia ananiogopesha japo ni mpole. Ukishampunguzia mtu maneno, inakuwa rahisi kumpunguzia na mengine. Mimi imenichukua mwezi mmoja kujifunza.

Na kijiji kimebadilika. Nyuki wameanza kuja majumbani. Juzi kundi zima lilitua kwenye paa la shule, watoto wakarudishwa nyumbani. Wazee wanasema nyuki hawahami bure. Vijana wanasema kuna watu wanaishusha mizinga kule ndani mchana, na kweli upepo ukitoka huko unasikia harufu ya nta inayoungua. Sisi tunanusa tu, tunaendelea kupalilia. Mwenyekiti hanisalimii kama zamani. Jumapili alinisubiri nje ya kanisa akaniambia, "Alhamisi wanarudi na karatasi ya pili. Wewe tafsiri tu wanachosema, usituongezee chumvi. Na nyie mnaojua vitu, mnyamaze." Alikuwa anacheka, lakini alinishika mkono kwa nguvu mpaka tulipofika barabarani.

Jana imekuja barua yangu mwenyewe kutoka kwa mzee wa kofia. Imeandikwa kwa maneno mafupi, kila neno linasimama peke yake kama mtihani wa darasa la nne. Wewe kufanya kazi na sisi. Kazi ya kudumu. Wewe usiwe na wasiwasi. Nimeisoma mara nyingi. Watoto wangu wanahitaji, na mume wangu anasema nikikataa basi nina wazimu. Hakuna popote inapoeleza kazi ni ya kufanya nini. Ila chini kabisa wameambatanisha ramani ya karatasi ya pili, na mstari umesogea. Umetoka kwenye mninga wako, umeshuka hadi ua wa Bibi Kalunde. Na kwenye ramani, mahali ulipolala wewe, hakuna kitu. Pameachwa peupe.

Mwalimu, naogopa. Naogopa mwenyekiti, naogopa njaa, na zaidi naogopa siku wazee watakapojua kwamba nilisikia kwenye chai. Lakini kesho, kabla ya hiyo Alhamisi, nitakwenda kwa Bibi Kalunde nimwambie yote, kwa maneno marefu, na lile la chai nisiliache. Akitaka kunimwagia maji machafu, anayo haki. Alhamisi nitaweka kalamu yako mezani. Nitamwambia mzee aongee kama alivyoongea pale kwenye gari, na nitawaambia wazee wasiitikie hata mara moja. Itakuwa utovu wa adabu mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea hapa kijijini. Nakuahidi ukumbi utakuwa kimya.

Pumzika, baba yangu wa kalamu. Sala ya kutimiza mwezi tangu tukuzike tulikusalia kijitoni, kwa mbali, tukiwa tumeelekea huko.

Utajua matokeo bila kuambiwa. Ukimsikia Bibi Kalunde anakohoa kwenye mizinga yake, tumeshinda. Lakini ukisikia mtu amesimama juu ya kaburi lako, anaongea polepole, kwa sauti kubwa, neno moja moja, anakuambia usiwe na wasiwasi, ujue nimeshindwa, na wamekuja kukuhamisha.

Mwanafunzi wako,
Yustina