Karatasi ya Kusema Hunisaidii

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 6 Mei 2025

Mpendwa yaya Laurentine, dada yangu mkubwa,

Nisamehe kwanza. Tangu tulipomaliza matanga ya baba sikukuandikia hata mstari mmoja, na sasa miezi tisa inatimia. Mara tatu nilichukua kalamu, mara tatu nikaona barua nzima ni kuomba, nikaiacha.

Habari ya afya yako? Mguu ulipungua kuvimba? Na shemeji Alexis, bado anakohoa asubuhi? Papa Doudou, dereva wa kamyo, ameniambia mvua iliwaharibia mihogo huko Mitwaba. Pole sana. Sisi tupo, tunapumua. Mume wangu Guelor anatafuta vibarua upande wa Kinsevere. Anarudi Jumapili moja kwa mwezi, analala, anaenda.

Bénie anakua. Mdomo wake hauna likizo, lakini miguu bado. Tangu ile degedege ya malaria hajasimama. Amekuwa mzito, na miguu yake ni mimi: chooni, sokoni, kanisani. Mgongo unawaka. Mama mkwe, mama Martine, hawezi kumwinua, kwa hiyo sitoki nje ya ua wa parseli yake bila mtoto mgongoni, hata kununua chumvi. Bado anaulizia zile karanga ulizomletea kwenye matanga.

Sasa sikia kilichonileta. Mwezi wa pili, watu wa ankete walipita avenue yetu nyumba kwa nyumba, wanaandika familia zenye shida. Aliyeandikwa, mtoto wake mwenye ulemavu anapokelewa bure kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Aliyekuja kwetu ni msichana anaitwa Myriam, ana adabu, aliketi juu ya bidoni la maji akamshika Bénie mkono. Aliuliza yote: tunakula mara ngapi, maji tunachota wapi. Nilijibu kweli. Halafu akauliza: « Mama Virginie, kuko mutu wa familia yenu anakusaidiaka? »

Mama Martine alikuwa pale pale anachambua majani ya sombe. Bila kuinua kichwa akasema: « Nani atamusaidia? Bakwabo balimutupa hapa kwangu sawa gunia. »

Yaya, damu ilinipanda. Nikasema: « Yaya yangu wa Mitwaba njo ananisaidiaka. Kila mwezi anatumaka kitu. » Myriam akagusa simu yake, basi, ikawa imeandikwa. Wala sikuona kwamba nimedanganya sana. Kwenye kaburi la baba ulinishika mkono ukasema utanibeba. Mimi niliisema ahadi yako kana kwamba imekwisha kufika.

Orodha ya waliokubaliwa ilipobandikwa, jina la Bénie halimo. Nikambeba hadi biro ya mambo ya jamii. Papa Ephraïm, anayeshika mafishi pale, zile karatasi za ankete, akanionyesha yangu: msaada wa familia, kila mwezi, ndiyo. Mwenye msaada hapokelewi. Nikamwambia nilisema uongo kwa sababu ya haya. Akacheka: « Mama, kila mutu anafikaka hapa anasema alidanganya. Niamini nani: we ya mwezi wa pili, ao we ya leo? »

Lakini si mtu mbaya. Aliona mgongo wangu, akanipa kiti, akaniambia njia imebaki moja: yule niliyemtaja aandike mwenyewe kwamba hanisaidii, na karatasi ifike kabla ya mwezi huu kwisha. Nesi wa kituo naye alisema Bénie aanze kabla ya miaka minne, maana baadaye mishipa inakaza. Miaka minne anaitimiza mwezi wa saba.

Huku nyumbani mama Martine anazunguka avenue nzima: « Ile bintu ya Mitwaba inafikaka wapi? Ni panya njo banaipokea? » Nikisema ukweli, nimewatupa ninyi. Nikinyamaza, mimi ni mama anayekula kwa kujificha. Nimejifungia ndani ya mdomo wangu mwenyewe. Na bahasha ikifunguliwa kule biro, barua yako itasomwa na shefu wa karche, yaani wa mtaa wetu, mbele ya mwenye parseli, yaani mama Martine. Atasikia kila neno. Na asikie.

Sikulaumu, yaya. Mihogo naijua, mguu wako naujua. Wala sikuombi utimize ulichosema kaburini. Nakuomba uandike kwamba hukukitimiza. Najua mkono utauma. Andika hivyo hivyo, usipambe, usitie « mara kwa mara », usitie « nikipata ». Andika hapana.

Nisalimie shemeji, na tantine Julienne, na Caleb wako, mwambie mdogo wake Bénie anajua kuhesabu hadi ishirini. Mungu awape mvua ya kipimo.

Anayekupenda hata ndani ya haya hii,
mdogo wako Virginie

Vya kutuma, papa Doudou arudi navyo na kamyo ya tarehe ishirini na tano:
Barua ya mkono wako, ukurasa mmoja, na tarehe, na sahihi.
Muhuri wa shefu wa kijiji juu yake.
Kopi ya karti yako ya uchaguzi, ile ambayo sura inaonekana vizuri.
Vyote ndani ya bahasha iliyofungwa. Kitu kingine usitie, wala usimpe papa Doudou mkononi, hata kipande cha sabuni. Papa Ephraïm ataifungua mbele ya wote, na chochote kilichotoka kwako kitaitwa msaada. Bénie atalia, mimi nitambembeleza. Karanga usitume.