Mlio Nilioudhania Sabufa

Alhamisi, mtaani Kasha. Mvua tangu jana. Sina utulivu.

Maman Sifa alikaa karibu nusu saa chini ya matofali ya jiko lake kabla mtu yeyote hajafika. Ameniambia hivyo Tonton Déo, shefu, yaani kiongozi, wa avenue yetu, leo saa moja asubuhi, akiwa amesimama mlangoni kwangu. Mguu wa kushoto umevunjika, umefungwa plasta. Hakuna aliyekufa.

Kisha akanipa sababu.

"Papa Grâce, tulisikia bum, tukasema: ni ye tena na bafle yake. Hakuna mwenye alitoka. Hata miye."

Hakusema kwa ubaya. Lakini alikataa kuingia, hata kwa chai.

Kwetu nyumba zimejengwa kwenye mteremko, moja juu ya kichwa cha nyingine, na kila moja inategemea ukuta unaozuia udongo wa jirani wa juu. Ukuta ukianguka wakati wa mvua, hatupigi simu. Mlio wenyewe ndio unaoita watu. Unausikia miguuni kabla ya masikioni, unachukua pelle yako ya kuchimbia, unatoka, na njiani unakuta wengine wameshatoka na zao. Nimeishi hivyo tangu utoto. Nimeripoti redioni maporomoko mengi ya mitaa mingine, na kila mara nimesema majirani walifika wa kwanza.

Jana hawakufika kwa wakati.

Bafle yenyewe ni sabufa, spika ya besi; niliinunua wiki tatu zilizopita, sanduku jeusi lenye ukubwa wa kreti ya bia. Nilitaka besi ya kweli, nzito, isiyovuma. Kila jioni umeme ukirudi nilikuwa naipima. Niliiweka juu ya kiti ninachokalia, nikapiga noti moja ya chini, nikatambaa sakafuni kutafuta mahali noti hiyo inaposikika vizuri zaidi, maana hapo ndipo sabufa inapopaswa kukaa. Mke wangu alisimama akiniangalia, mwiko mkononi.

"Unatafuta panya ao unatafuta sauti?"

Mahali penyewe palikuwa kona ya nyuma, ambako saruji imelala moja kwa moja juu ya udongo wa mlima. Besi iliingia sakafuni ikashuka hadi kwa watu wa chini. Siku za kwanza walipiga kelele. Wiki ya pili walinicheka. Wiki ya tatu walizoea.

Walizoea. Narudi kwenye neno hilo tangu asubuhi.

Jana jioni, saa kumi na moja na dakika ishirini, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya sabufa nikigeuza swichi ya fezi, ile inayoifanya isukume hewa pamoja na spika nyingine badala ya kupingana nazo. Wimbo ulikuwa unaendelea. Nikasikia bum moja, fupi, nzito, safi, ikapanda kwa magoti hadi kifuani. Nikadhani hatimaye nimepata.

Nilitabasamu.

Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili. Inabaki. Ilikuwa besi bora kuliko zote nilizowahi kusikia nyumbani kwangu, na ilikuwa ukuta wa Maman Sifa. Nikarudisha wimbo nyuma ili niisikie tena. Haikuja. Nikageuza vitufe kimoja kimoja kuitafuta, na muda wote huo yeye, nyumba tatu chini yangu, alikuwa anaita.

Tonton Déo hajui sehemu hiyo. Mke wangu nilimwambia baada ya Déo kuondoka. Alikwenda kuangalia kama pelle yetu bado iko nyuma ya mlango.

Mchana nilichomoa waya wa umeme wa sabufa, nikauviringisha, nikaenda nao hospitali. Maman Sifa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni na mdomo wake haujawahi kupumzika. Nilimweleza yote, pamoja na tabasamu.

"Papa Grâce! Miye niko nalia 'munisaidie', we uko unatafuta refrain ya wimbo?"

Alicheka hadi mguu ukamuuma. Kisha akaacha ghafla.

"Ukuta ya koko Nabintu iko na ufa. Siku itaanguka, watu watatoka?"

Koko Nabintu ni bibi anayeishi peke yake, nyumba iliyo juu ya yangu. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na hilo sikuwa nimeliuliza.

Maman Sifa alichukua waya akauweka chini ya mto. "Itabaki hapa. Siku watanitoa plasta utakuja kuitafuta, na utanichezesha."

Niliporudi nilipita nyumba kwa nyumba, mvua ikininyeshea. Nilirudia maneno yaleyale kila mlangoni: bafle imezimwa, waya uko kwa Maman Sifa, bum yoyote mtakayosikia sasa ni udongo, tokeni. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mmoja alisema, "Sawa, Papa Journaliste," kwa sauti ya mtu anayesikiliza matangazo ya biashara.

Wamefundishwa wiki tatu kutotoka. Je, mchana mmoja unatosha kuwafundisha upya? Mimi mwenyewe, saa moja iliyopita, radi ilipopiga upande wa ziwa, kabla ya kufikiri chochote niligeuka kuitazama ile kona.

Nimeupima ufa wa ukuta wa koko Nabintu: vidole viwili vinaingia. Tumemwomba alale kwetu. Anasema atakuja akimaliza kupika maharagwe.

Tonton Déo ametangaza salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi saa mbili asubuhi kwenye ukuta huo, kila nyumba mtu mmoja na pelle moja. Kati ya sasa na hapo kuna usiku mbili, na mvua haijakatika.