Glasi ya Maji Juu ya Dashibodi

Jumatatu, 6 Machi

Daftari hili ni la Hisabati, kidato cha pili. Kurasa nne zimetumika, nyingi kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. Zilizobaki ni zangu. Kichwa kimejaa, lazima nimwage mahali, na nikimwaga kwa mdomo dada anacheka.

Baba karudi hospitali na habari: mama anaruhusiwa Jumamosi. Wiki tatu tangu wampasue mgongo. Ila daktari kasisitiza, njiani asirushwe-rushwe, kidonda cha ndani bado kibichi. Na barabara yetu ndiyo hii, mashimo na matuta kutoka lami mpaka mlangoni. Na gari letu ndilo lile. Limenizidi umri. Dada analiita Bembea.

Baba akasema basi, atamwomba jirani gari lake jipya. Nikamwambia jirani wa nini, na mimi nipo? Dada akakohoa.

Nikawatoa nje, nikawapa somo. Nikaibonyeza pua ya gari kwa nguvu, nikaachia. Gari lisilo na ubovu hupanda mara moja, likatulia. Bembea ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena — kama mjumbe anayekubali kila kitu kikaoni. Nikawaonyesha shokapu, lile bomba linalozuia springi isichezecheze: imelowa mafuta mwili mzima. Marehemu. Nikawapapasisha tairi: limeliwa mabaka mabaka, bonde na kilima. Nikashika gurudumu juu na chini, nikatikisa: ko, ko. Hiyo ni mikono ya chini, ile inayoshikilia gurudumu, mipira ya kwenye maungio yake imekwisha. Nikamuuliza baba, ukikanyaga breki pua haipigi magoti? Akasema inapiga. Basi.

Baba kaniangalia sana. Kasema nina siku nne. Gari la jirani ataliomba hivyohivyo, hatalikataa mpaka aone kazi yangu kwa macho yake.

Nimekaa gereji miaka miwili. Hakuna nisichokijua. Nilifukuzwa kwa sababu ya mdomo, mikono yangu haikuwa na kesi. Fundi Mkuu mwenyewe alitamka mbele ya watu: "Redio, mdomo wako umeshatengeneza magari mengi kuliko mikono yako." Wivu tu.

Jumanne, 7 Machi

Vidole vimevimba, hata kalamu naishika kama nyundo.

Baba kaleta boksi la spea: shokapu mbili za mbele na mikono miwili ya chini, mipya, mipira yake myeusi inang'aa. Nikainua gari kwa jeki, nikapanga magogo chini yake. Mimi siyo mjinga, jeki haina dini. Magurudumu ya mbele nje. Miguu ya gari ikabaki inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti kirefu.

Nati ya kwanza ikagoma. Nimeimwagia mafuta, nimeisubiri, nimeitukana, nimeikalia na spana. Dada alikuwa amechuchumaa ananimulikia uvunguni. Akauliza, hiyo nati inajua kwamba wewe ni fundi, au nikaitambulishe? Nikamwambia shika tochi, daktari wa maneno. Akasema daktari ni wewe, yeye nesi tu, na mgonjwa anaonekana hataki kupona.

Saa saba mchana ikalia kwaa, ikaachia. Shokapu ya kushoto ikatoka. Nikaisukuma kwa mkono mmoja. Ikazama, ikabaki hukohuko, haikurudi. Kumbe hii ndiyo iliyokuwa inambeba mama kila siku, na yeye anasema mgongo, mgongo, na sisi tunamwambia alale kidogo.

Sikumwambia dada nilichowaza. Nikadai jasho limeniingia machoni.

Jumatano, 8 Machi

Springi. Sitaki hata kuandika.

Haya, naandika. Springi imefungwa juu ya shokapu ikiwa imejibana. Ukifungua nati ya juu kabla hujaibana kwa vibanio vyake, inaruka. Najua hilo toka wiki ya kwanza gereji. Ila vibanio sina. Nikaifunga kwa waya wa kuanikia nguo, mizunguko sita, nikajiambia mizunguko sita inatosha hata kufunga ng'ombe.

Waya ukakatika. Springi ilipita hapa kidevuni — nilisikia upepo wake — ikaenda kugonga ukuta wa bafu, plasta ikadondoka pande zima.

Dada akakaa chini taratibu, juu ya ndoo. Akasema, "Mama akishuka kile kitanda, tafadhali usipande wewe."

Ikabidi niende gereji kuazima. Miezi minne sijakanyaga pale. Wenzangu waliponiona wakaanza: Redio imerudi hewani, mwongezeeni sauti. Nikacheka nao. Ndani naungua. Fundi Mkuu hakuuliza kitu. Alichukua vibanio, akavifuta kwa kitambaa kimoja kimoja, akanipa. Akasema virudi Ijumaa kabla ya saa kumi, maana saa kumi anafunga, anasafiri na familia mpaka Jumanne.

Sikusema asante. Nilisema poa. Hata sijui kwa nini.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemaliza!

Naandika hivi nimekaa juu ya boneti yenyewe. Shokapu zote mbili ndani. Mikono yote miwili ndani. Bolti zote nilizikaza gari likiwa bado juu ya magogo, miguu inaning'inia, mimi chali uvunguni, nafasi tele, raha mustarehe. Nilikaza mpaka spana ikapiga kelele. Sidhani kama kuna bolti nyingine zimewahi kukazwa vile. Mikono ya zamani nimempa mzee wa vyuma chakavu palepale, na hotuba juu.

Nikashusha gari. Nikamwita baba. Nikamwambia bonyeza wewe. Akabonyeza kwa mikono yote miwili, akaachia. Pua ikapanda mara moja, ikatulia tuli. Akarudia. Tuli. Akazunguka upande wa pili kama mtu anayetafuta pa kukosoa. Tuli.

Tukatoka naye mpaka sokoni tukarudi. Tuta la shule, ambalo siku zote linatugonganisha meno, tumelipita anaongea, na sentensi haikukatika. Baba kasema, "Limenyamaza." Kisha akacheka. Wiki tatu sijamsikia akicheka. Aliposhuka tu akaenda ukutani akamwita jirani, akamshukuru, akamwambia gari lake halihitajiki tena, kijana wangu kalitengeneza letu. Alisema hivyo. Kijana wangu. Jirani akasema vizuri, basi kesho alfajiri yeye anaondoka na safari zake.

Jioni tukaenda kumwona mama. Kalala ubavu, kakonda, ila ulimi uko palepale. "Nasikia dereva wangu ni wewe. Niandike wosia?" Nikamwambia mama, nitaweka glasi ya maji juu ya dashibodi, imejaa mpaka mdomoni, na ukifika nyumbani utaikuta imejaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kusikiliza. Mama akasema haya, amesikia, na shahidi yupo.

Akanishika kidole kilichovimba. Hakukiachia mpaka kengele ya kutoka.

Sikumbuki siku nzuri kama hii.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Saa tisa na nusu nilipeleka vibanio. Fundi Mkuu alikuwa anapakia mabegi. Nikamsimulia kazi yote, na madoido. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. Ile mikono ya chini, nilikaza gari likiwa wapi? Juu au chini?

Nikaanza kuvipanga vibanio mezani. Akaendelea, mpole, kama anaongea na kufuli: mpira ukiukaza mguu ukiwa unaning'inia, unashikwa palepale. Ukishusha gari, mguu unapanda, mpira unajinyonga. Unakaa umejinyonga hivyo saa zote. Gari linakuwa gumu, na mpira wa bei hizi haumalizi wiki, unachanika. Ndiyo maana mwisho wa kukaza ni chini, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. "Siku nilipofundisha hilo," akasema, "wewe ulikuwa unaigiza ninavyotembea."

Ni kweli. Nilikuwa naigiza. Watu walicheka sana.

Akasema: kama ulikaza juu, sema sasa hivi. Nina mipira kama ile kabatini, na mashine ya kuisukumia ipo. Nitachelewa safari saa moja, siyo neno.

Wenzangu wote walikuwa wanatazama. Wote.

Nikasema, "Chini, mkubwa. Mimi tena?"

Aliniangalia. Akafunga kabati. Akafunga gereji.

Nimerudi nyumbani mbio. Nimeingia uvunguni. Mpira wa kulia umejinyonga kama tambara linalokamuliwa. Wa kushoto umeshachanika, kidole kinaingia. Siku moja tu. Safari moja ya sokoni.

Nikalegeza bolti zote gari likiwa chini, juu ya mbao, likitulia nikakaza upya. Wa kulia umepona. Wa kushoto haukazi kitu, umekwisha. Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakijaza ufani. Nikajaribu kwenye shimo la getini: ko. Shimo la pili: ko, na usukani ukanipiga mkono. Ndiyo sauti ileile ya Jumatatu, imerudi.

Mikono ya zamani ipo wapi — nilimpa mzee wa chuma. Alishaipima na kuondoka nayo. Jirani kaondoka alfajiri. Duka la spea limefunga mpaka Jumatatu. Na kitanda cha mama, nesi kamwambia baba, kesho mchana kinaingia mtu mwingine.

Baba kapita saa kumi na mbili, kauliza limefikia wapi. Kila jioni anauliza hivyohivyo. Nikasema liko sawa.

Sasa nimedanganya wawili.

Dada anapiga pasi gauni la mama la kurudia nyumbani. Anaimba. Nataka nimwambie. Nimesimama mlangoni mara mbili. Mara ya pili kaniuliza, "Redio, leo umeme umekatika?" Nikarudi kwenye daftari.

Jumamosi, 11 Machi

Saa nne na nusu. Niko uwanja wa hospitali, ndani ya gari, daftari juu ya usukani.

Baba alitangulia asubuhi na dada kushughulikia makaratasi. Mimi nilete gari peke yangu. Wakati wanaondoka, dada karudi mbio jikoni, katoka na glasi. Kaijaza mpaka mdomoni, kaiweka juu ya dashibodi, kaizungushia kitambaa chini isiteleze. Kasema mama katuma, kasisitiza, anataka aikute ndani ya gari akitoka. Shahidi wa kitanda cha pili naye atachungulia dirishani. Dada alikuwa anacheka. Akanipiga begani, akasema, "Leo nimekukubali, mdogo wangu. Usizoee."

Nimeendesha kama nimebeba mtoto mchanga. Gia ya kwanza, ya pili, hapana zaidi. Watu wa baiskeli wamenipita. Shimo la getini: imemwagika kidogo. Tuta la shule nimelipanda kwa pembe, gurudumu moja moja, kama paka. Ko. Ikamwagika mpaka kitambaa kikalowa. Kwenye reli nilisimama, nikashuka, nikaangalia, nikapanda, nikapita taratibu kuliko mtu anayetembea. Ko, ko. Usukani ukakata kushoto wenyewe.

Sasa imebaki nusu. Nusu kamili, kama nimepima. Maji mengine yako kwenye kiti cha mbele.

Nikiangalia hiyo glasi naona mgongo wa mama. Siwezi kuangalia kingine.

Nikisema: anarudishwa wodini, na kitanda hana. Watamweka kwenye benchi la korido mpaka gari lingine lipatikane, na gari lingine silijui. Baba mbele ya daktari, mbele ya manesi, baada ya kumwambia jirani kijana wangu. Nisiposema: kilomita tisa. Nimezihesabu leo, shimo kwa shimo.

Kuna bomba la maji pale ukutani, hatua kumi. Mlango wa wodi bado umefungwa. Nikijaza glasi, nikikausha kiti kwa shati, hakuna atakayejua mpaka getini kwetu. Pengine hata pale. Mama hatasema. Ataniambia tu, umeendesha vizuri, mwanangu. Namjua.

Nimekwenda bombani na glasi. Nimefungua. Nimesimama pale maji yanatiririka, mlinzi akaniuliza kama nachota au naogopa maji.

Nimefunga. Nimerudi.

Glasi nimeirudisha palepale juu ya kitambaa, waione ilivyo. Nusu.

Mlango unafunguliwa. Baba anasukuma kiti, dada kabeba mfuko. Mama kavaa lile gauni, kalishika kwa mbele lisikunjike. Anapunga mkono. Anacheka — anatafuta kitu kwa macho, kupitia kioo cha mbele, hapa nilipo.

Baba ndiye kafika kwanza. Kafungua mlango, kaweka mkono juu ya kiti. Anauliza, mbona kimelowa?