Jina la Nne kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mazoezi saa kumi na nusu. Wasichana tisa. Mipira mitatu, mmoja una kiraka. Kudunda, pasi za kifua, kurusha kutoka pembeni. Sketi zinapita magoti kama amri ya serikali inavyotaka. Nabirye aliikanyaga yake mara mbili akaanguka. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi tulifungwa 61 kwa 21. Naandika ili nisijidanganye.

Wachezaji wa zamani wamekwisha. Wanne wamevuka kwenda Nairobi tangu mwaka jana, wawili wameolewa, mmoja hatujui alipo na hatuulizi. Shirika la nguo, lenye timu hii, linawaandika hawa tisa kama wafungaji wa vitambaa kiwandani, lakini mshahara wao ni wa mpira, nao wanajua. Mkubwa wao ana miaka ishirini na moja.

Sajini Odongo, msaidizi wangu, anataka tulete wanawake waliokwisha kuiva, kutoka Jinja au Kisumu. Alikuwa polisi miaka kumi na minane. Anapenda kitu kilicho tayari. Mimi nataka hawa hawa, na miaka mitatu. Aliposikia "mitatu" alinitazama kama mtu aliyeombwa helikopta.

Jumatano, 5 Machi

Tumebishana na Odongo mpaka askari wa zamu akaja kufunga geti.

Ubishi ni kuhusu wawili. Nabirye wa mtaa wa Namuwongo, miaka kumi na saba, akinyoosha mkono anazigusa nyavu za kikapu. Odongo anasema timu ijengwe juu yake. Urefu haufundishwi, anasema. Kweli. Lakini mpira ukimjia Nabirye anashtuka kama umemwita jina. Lazima awepo mtu wa kumpa mpira mahali ambapo hatashtuka.

Mtu huyo ni Akello. Binti wa koplo, amekulia kambini, miaka kumi na minane, mfupi. Anaona pasi kabla njia haijafunguka. Nimefundisha miaka tisa na nimeona wawili tu wenye jicho hilo.

Odongo anasema mkono wake wa kushoto umekufa. Anasema ana hasira, anapoteza mipira, akikua atakuwa yule yule ila mnene zaidi. Nikamwambia hajui kutazama. Akasema, "Mwalimu Rukia, wewe unawapenda wanaofanana na wewe."

Imeniuma. Nilikuwa mfupi. Nilikuwa na hasira. Bado.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefungwa kwa pointi kumi na tisa.

Akello alipoteza mipira sita, Odongo akaniandikia kwenye karatasi na kuichapa mezani. Hakuandika pasi tatu alizompa Nabirye chini ya kikapu. Nabirye alifunga moja, akakosa mbili, akalia chooni.

Kumi na tisa si arobaini. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa na Mkurugenzi. Ni kapteni wa jeshi, aliletwa shirikani miezi mitano iliyopita, vitambaa havijui na mpira wa kikapu haujui. Bastola ilikuwa juu ya meza karibu na simu.

Nilikwenda na karatasi yangu. Mwaka wa kwanza, kujifunza kulinda. Wa pili, kushinda nyumbani. Wa tatu, kombe. Alisoma kwa kidole.

"Mwalimu, mimi nataka kombe mwaka hii. Miaka tatu hapana. Wewe najua kesho utakuwa wapi?"

Sijui. Yeye pia hajui. Nadhani hilo lilionekana usoni mwangu, maana alinirudishia karatasi.

Amenipa mechi mbili. Timu isipobadilika ataleta kocha mwingine na wachezaji wengine, na watoto wangu warudi mtaani. Nilitoka nikiwa na karatasi yangu mkononi. Hakuichana. Hata angeichana, ninayo nyingine nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Baba yake Akello amechukuliwa. Jumanne asubuhi, kambini, na watu waliovaa kiraia. Nabirye ndiye aliyeninong'oneza wakati tunafunga kamba za viatu.

Akello alikuja mazoezini. Alifika wa kwanza. Hakuna aliyemsemesha na hakuna aliyemsogelea. Walimpitia kwa mbali kama mtu anavyozunguka shimo. Niliwaona nikachukia, kisha nikaona kuwa na mimi nimesimama mbali.

Mazoezi yalipokwisha alibaki anadunda kwa kushoto. Ukuta hadi ukuta. Nilikwenda nikasimama upande wa pili, nikampokea mpira, nikamrudishia. Labda nusu saa. Hatukumtaja baba yake.

Ijumaa, 14 Machi

Karani wa Kapteni ameleta maneno. Orodha ya mechi ya tarehe 22 ipelekwe Jumatatu, na "yule mtoto wa koplo" asiwemo.

Odongo alijua kabla yangu. Alinifuata hadi stoo ya mipira.

"Mtoe," alisema. "Si nilikwambia? Kushoto hana. Mipira sita. Hata bila maneno haya asingefaa."

Nikashikwa na hasira ambayo sijaipata tangu kifo cha baba. Nikamwambia: sema unachoogopa, lakini usiutundike woga wako kwenye mkono wa mtoto. Kama hajui kucheza, nitamtoa mimi, kwa sababu ya mpira, leo hii. Niambie hapa machoni kwamba hajui kucheza.

Alikaa juu ya gunia. Mtu mzima, mwenye mvi, kofia magotini.

"Anajua," alisema. Kisha: "Mimi ni mtu wa kabila la Lango, Mwalimu, kama rais aliyepinduliwa. Wakianza kuhesabu majina ya kaskazini, langu liko juu. Naogopa."

Nilikaa kando yake juu ya gunia. Nilikuwa nimemwita mwoga kichwani kwa wiki nzima. Mimi ni binti wa Old Kampala, babu yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, jina langu halinifikishi mahali jina lake linapomfikisha. Nilimwambia asije tarehe 22, aseme anaumwa. Alitikisa kichwa, sikujua anakubali au anakataa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeipiga orodha taipu. Majina kumi na mawili ni kawaida. Mimi nina tisa. Akello ni wa nne. Nimetia sahihi. Herufi ya R imetoka imepinda.

Jumanne, 18 Machi

Orodha imerudi. Mstari mwekundu juu ya jina la nne.

Nimepiga nyingine. Majina yale yale, mpangilio ule ule. Chini nimeongeza sentensi moja: wachezaji wamechaguliwa kwa uwezo wao. Nimeipeleka mwenyewe kwa karani. Alisoma, akanitazama, akaificha chini ya faili nyingine. Labda anataka kunisaidia. Labda anataka asiwepo itakaposomwa.

Mama aliniona nimekaa na chai iliyopoa. Nikamweleza. Nilitegemea aseme niache. Alikuwa anachambua mchele.

"Askari walipokuja mara ya kwanza, baba yako alifunga duka siku tatu," alisema. "Siku ya nne akafungua. Nikamuuliza, umeacha kuogopa? Akasema, hapana mke wangu, nimechoka kukaa ndani."

Akaendelea kuchambua. Akanitolea jiwe moja akaliweka kwenye sahani.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi mazuri kuliko yote. Nabirye amekamata mipira kumi mfululizo bila kushtuka. Odongo hakuja.

Nimemwuliza Akello kama anataka kucheza Jumamosi. Nimemweleza yote: mstari mwekundu, karani, Kapteni atakayekuwa kiti cha mbele. Nilimwambia akikataa hakuna atakayemlaumu, na mama yake huenda anamhitaji nyumbani. Alisikiliza akiangalia chini.

"Mama anauza vitu," alisema. "Tukimaliza tutaondoka. Lakini Jumamosi bado tupo."

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka uwanjani sasa hivi. Nataka kuandika kwa mpangilio.

Uwanja ulijaa. Kapteni mbele, askari wawili nyuma yake. Timu ya Jinja ni ileile iliyotufunga 61 kwa 21. Odongo alikuja. Amevaa tai. Alikaa kwenye benchi kando yangu bila salamu.

Sikumwanzisha Akello. Nakiri hapa: niliogopa. Dakika nane tukawa nyuma kwa kumi na moja. Nabirye alikuwa amesimama chini ya kikapu mikono juu na hakuna aliyejua kumfikishia mpira. Nilimgeukia Akello. Alikwisha kuvua sweta.

Akello alipoingia, Kapteni alisimama, kisha akakaa. Pasi ya kwanza ilipotea. Ya pili ikamfikia Nabirye kifuani. Kikapu. Nyingine. Kikapu. Mlinzi wa Jinja akaanza kumzibia upande wa kulia, na Odongo akaruka kutoka kwenye benchi, mtu wa miaka hamsini, akapiga kelele, "Kushoto! Mwanangu, kushoto!" Akello akaenda kushoto. Mpira ukashikamana na ule mkono kama ulizaliwa nao. Watu walipiga mayowe hadi bati likalia.

Mapumziko, nyuma kwa nne. Askari mmoja akaja.

"Kapteni nasema toa hii mtoto."

Nilimwambia kocha ndiye anayebadilisha wachezaji, na mimi ndiye kocha mpaka filimbi ya mwisho. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Alinisogelea. Hapo Odongo aliinuka, akasimama kati yetu, akapiga saluti ya kipolisi, wima kabisa, akasema, "Afande, mechi inaendelea. Ikiisha tuko hapa." Yule askari alikuwa kijana. Saluti ilimchanganya. Alirudi.

Akello alicheza mpaka mwisho. Kila mara alipopita mbele ya kiti cha Kapteni hakugeuza macho. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa mbili na mpira ulikuwa wetu. Alimwona Nabirye, akampa mahali pale pale. Nabirye akarusha. Mpira ulizunguka ukingo wa kikapu, ukatoka nje.

48 kwa 46.

Nabirye alikaa sakafuni. Akello akamwinua. Wale wengine saba, waliompitia kwa mbali wiki nzima, wakamkumbatia mmoja mmoja.

Kapteni aliondoka na askari wake. Odongo aliniambia, "Mwalimu, nilikosea kuhusu mtoto." Kisha akaongeza, "Ila bado anarusha mno." Nilibisha hata hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Barua ya mstari mmoja; Kapteni hakungoja mechi ya pili. Huduma zangu hazihitajiki. Ya Odongo ina mstari mmoja pia. Watakuja wachezaji waliokomaa, na kocha anayejua kusikia.

Nimerudisha filimbi na ufunguo wa stoo. Mpira wenye kiraka sikuurudisha. Karani aliona uvimbe ndani ya mkoba wangu, akageukia dirishani.

Sijutii. Nilijaribu kujuta njiani, kuona kama inawezekana. Haiwezekani.

Jumatano, 26 Machi

Usingizi hakuna. Kila gari likipunguza mwendo nasimama. Mama amehamishia kitanda chake chumbani kwangu, anasema kwake kuna mbu.

Ijumaa, 28 Machi

Nabirye alipita dukani kwa mama. Akello na mama yake wameondoka. Hakusema njia gani na sikumwuliza. Koplo hajulikani alipo.

Nimelia kidogo. Kisha nimeona hasira, tena kubwa. Mtoto mwenye jicho lile alipaswa kukua hapa hapa, mbele yetu, tumwone.

Jumapili, 20 Aprili

Shule moja hapa kilimani imeniruhusu kutumia uwanja wake siku za Jumapili. Kikapu kimoja, hakina nyavu. Sakafu ya udongo.

Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kisumu jana alimletea mama salamu za "yule mgeni mfupi na mama yake". Wako salama kwa shangazi.

Leo walikuja sita. Watatu ni wale wa shirika, Nabirye mmoja wao. Ameacha mshahara wa kiwandani, sasa anauza ndizi na kaka yake. Wengine ni wanafunzi wa shule hii, hawajui hata kushika mpira. Odongo alitoka kanisani moja kwa moja, bado na tai, tukaanza kubishana kuhusu mmoja wao kabla hajarusha mara ya pili.

Kisha mvua. Tulijibana barazani mwa darasa. Nabirye alimenya ndizi akazigawa. Odongo alisinzia kwenye kiti cha mwalimu. Hakuna aliyesema anataka kwenda nyumbani.

Ilikatika saa kumi na moja. Maji yalikuwa yamesimama uwanja mzima. Wasichana walinitazama. Nikavua viatu.