Mtu wa Mkopo Hakutazama Paa

Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Huku sisi wazima, joto tu linatutesa.

Benki mbili zimenizungusha, sasa nimepata mkopeshaji hapo Moshi mjini. Anakopesha wanaokarabati nyumba, dhamana ni hati ya kihamba, shamba letu la ukoo na nyumba yake. Mtu wake, Thadeus, atapanda huko Uru kukagua nyumba. Masika haya sitaki paa likuvujie tena ukalala na beseni kitandani.

Kitinda mimba wako,
Godlove

Uru, 11 Machi 2024

Mwanangu Godlove,

Marahaba. Mguu unauma asubuhi tu, namshukuru Mungu. Wajukuu wanakula vizuri?

Thadeus alikuja Ijumaa. Mtori wangu wa ndizi alikula mabakuli mawili, pale pale uani. Ndani hakuingia, wala paa hakulitazama. Alipima kwa hatua toka barabarani mpaka mfereji wa maji, kisha akauliza nina miaka mingapi. Penye kaburi la baba yako akauliza kama mifupa inaweza kuhamishwa. Huyo anakopesha au ananunua? Hati haijatoka sandukuni.

Mama yako

Dar es Salaam, 14 Machi 2024

Mama,

Shikamoo.

Wewe kila mtu unamwona mwizi, hata katekista akihesabu sadaka unamkodolea macho. Kupima shamba ndiyo kazi ya Thadeus. Anarudi na fomu wiki ijayo. Weka sahihi, mpe na hati. Kaka Filbert usimwonyeshe, atavuruga tu.

Mwanao,
Godlove

Uru, 2 Aprili 2024

Godlove,

Hujambo. Safari hii hukuulizia mguu.

Fomu zimekuja, herufi ndogo kama chawa. Kwa kuwa ulinikataza, nilimwita Filbert anisomee. Neno paa halimo. Ni mkataba wa kuuza kihamba, na sahihi yako iko chini, ya tarehe kumi Februari. Barua yako ya mkopo uliiandika Machi.

Sikutia sahihi. Nimeumia, mwanangu, sitakuficha. Nikifa kihamba hiki ni chako, maana kwa mila yetu wa mwisho kuzaliwa ndiye hurithi, na kaka zako walikubali bila neno. Ulitakiwa kusubiri tu.

Pasaka watu walikuulizia kanisani, nikasema umebanwa na kazi. Filbert naye nimemwomba anyamaze. Njoo uniambie mwenyewe umepatwa na nini. Nauli usinidai, fomu inasema ulishapokea malipo ya awali.

Mama yako