Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Paa Lako la Suguti

Mpendwa mama mkwe,

Ungekuwa hai nisingethubutu kukuandikia hivi, moja kwa moja, bila kumpitisha binti yako katikati. Lakini umeshalala, na sidhani huko uliko kuna mtu wa kukuonya upishe njia kwa sababu mkwe anakuja. Basi acha niseme.

Unaikumbuka ile Jumapili, njia ya kanisani? Nilikuona kwa mbali nikajitosa kwenye viazi. Kumbe na wewe ulishaniona, ukajitosa kwenye mihogo. Tukakaa humo, kila mmoja akimwachia mwenzake njia, mpaka katekista akapita na kuuliza njia hii ina nini leo. Binti yako alicheka hadi akashika mbavu. Heshima yetu ndivyo ilivyokuwa. Sikukutazama usoni, hukunisemesha, na chakula chako nilikila chumba kingine. Nilikipenda sana, mama, hasa wale furu, samaki wadogo wa kukaushwa, kwa ugali wa udaga wa mihogo.

Kazi yangu uliijua. Kiwanda kilipotupunguza, miaka ile ya foleni, tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, nilichukua ngazi nikaanza kusafisha magata, mifereji ya kukingia mvua, ya nyumba za Musoma mjini. Mwanzoni walinicheka. Lakini gata likioza, jingine dukani halikuwepo, kwa hiyo mwenye nalo alilitunza. Mifereji ile ya bati ilijaa majani, viota, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wakifa wanageuka tope linalonuka. Niliitwa hadi Bunda. Nilijivuna kwamba hakuna paa la kunishinda.

Lilikuwepo moja, lako, kule kijijini Suguti. Kweli upande wa nyuma umeshukia kwenye majabali, ngazi haina pa kusimama, lakini hilo ningelimudu. Tatizo ni kwamba mkwe hapandi juu ya kichwa cha mama mkwe. Hata ukienda shambani, kitanda chako bado kipo ndani.

Mwaka ule gata la nyuma likaziba kabisa. Mvua ikawa inamwagika ukutani, tangi la saruji alilokuachia baba mkwe likabaki kavu, na wewe na goti lako bovu ukawa unashuka ziwani na ndoo, palepale mamba alipomkamata ndama wa jirani. Fundi mmoja wa kijijini alikuja akaegemeza ngazi kwenye gata lenyewe, kosa ambalo sisi wa kazi hii hatulifanyi. Gata likapinda, naye akatokomea. Binti yako akawa hapati usingizi. Nikatoa shauri kwamba shemeji, mwanao, apande, mimi nisimame mbali nimwelekeze. Ukakataa. Ulisema kijana hajazoea urefu, na huwezi kumzika mtoto kwa ajili ya maji.

Tukakwama, mpaka ulipotuma neno kwa binti yako: "Mwambie aje na ngazi yake. Ile nyumba siyo yangu tena, nimempa Nyangeta."

Tulipofika tukakuta kitanda, masanduku na vyungu vyote viko kwenye kibanda cha jiko. Ulikuwa umewaita wazee wa ukoo na katekista washuhudie. Mwenye nyumba mwenyewe, mjukuu wako, alikuwa mgongoni kwa mama yake ananyonya vidole, hana hata jino. Nani angenizuia kupanda paa la binti yangu?

Nilianza asubuhi, kabla bati halijapata moto. Nilichomoa bomba la tangi ili uchafu usiingie kwenye maji ya kunywa. Miguu ya ngazi tuliipangia mawe, kichwa chake nikakifunga kwenye boriti, shemeji akaishikilia kwa chini. Kamba ya kiunoni niliivusha juu ya paa na kuifunga kwenye shina la mti upande wa mbele. Nikachota tope kwa mikono, nikanyoosha palipopinda, nikaziba matundu kwa lami. Wewe ulikaa jikoni, umetugeuzia mgongo.

Nikiwa namalizia, mguu uliteleza. Kamba ilinidaka, lakini bati lilipiga kelele kijiji kizima kikasikia. Ndipo ikatoka jikoni sauti ambayo haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Baba Nyangeta, shuka polepole, mwanangu."

Wazee waliinamisha vichwa. Sikuitika, maana mkwe haitikii. Mvua ilipokuja tangi likajaa, ukaachana na ziwa. Hukunisemesha tena, na nyumba hukuirudisha, ukabaki kulala kwenye kile kibanda cha jiko. Watu wakikuuliza ulijibu, "Mimi nakaaga hapa kama mpangaji tu, mwenye nyumba yuko Musoma," na ukacheka mwenyewe.

Sasa maduka yamejaa, mama. Magata mapya yapo, kamba za nailoni za kila rangi zipo, na Nyangeta anasoma sekondari na anatutishia kutupandishia kodi. Nakukumbuka kuliko mkwe anavyoruhusiwa kusema. Hata siku ya kukuzika nilisimama mbali, nyuma ya watu.

Wiki iliyopita nilipanda tena kusafisha lile gata la nyuma. Jikoni hapakuwa na mtu. Nilipokanyaga chini nilivua kofia, nikaitika kwa sauti, na binti yako alinisikia.

Ndiyo, mama. Nimeshuka.

Mkweo,
Baba Nyangeta